Mwanangu, kabla duka halijakolea nikwambie habari za Mzee Mengi

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya duka nimeisoma, hongera sana, nimefurahi mpaka nikamsomea baba yako. Ila pale uliposema msiba wa jirani na michango ya mtaani itasubiri kwanza biashara isimame, hapo sijapapenda, ndo maana nakuandikia kirefu.

Mzee Mengi, yule Reginald Mengi, jina unalijua kwa sababu ya televisheni yake ya ITV, mtu mwenyewe humjui. Kazaliwa Machame kwenye umaskini kabisa, akasomea uhasibu Uingereza, akarudi 1971 akaajiriwa kampuni ya wahasibu mpaka akawa mkubwa pale. Sasa miaka ya 80, sisi tuliokuwepo tunaijua, madukani hakuna kitu, sabuni foleni, sukari foleni, hata peni ya kuandikia unaitafuta, yeye akaagiza vipande vya peni akawa anaviunganisha nyumbani kwake. Kampuni yake ya IPP ilianzia hapo kwenye peni, baadae ndo zikaja sabuni, dawa ya meno, magazeti, na ITV yenyewe 1994.

Lakini mimi namkumbukia kwa habari ya mjomba wako. Unajua polio ilimpata utotoni, na watu wakija wanamuongelesha mtu aliye pembeni yake, "huyu anakunywa soda gani?", wakati yeye yupo hapo hapo anasikia. Basi akaalikwa ile lanchi ya walemavu ambayo Mzee Mengi alikua anaiandaa kila mwaka, shati kalipiga pasi toka jana yake. Aliporudi habari za pilau wala hakutuambia, ni mzee tu, "kapita mezani kwetu, kanishika mkono, kaniangalia usoni." Wiki nzima ni hiyo hiyo.

Na wale watoto wa moyo aliokua anawalipia matibabu India, na miti aliyokua anaipanda kule Mlima Kilimanjaro, na hapo katikati alishamzika mtoto wake wa kiume, uchungu ambao mzazi humuombei hata adui, na bado hakuacha. Alipofariki Dubai Mei 2, 2019, mwili ulivyorudi Dar watu tulijaa barabarani, bodaboda, mama ntilie, kila mtu. Mjomba wako alisema lazima afike ukumbi wa Karimjee kumuaga na alifika, tukambeba kwenye bajaji. Wakamzika kwao Machame.

Najua duka lako ni dogo na mtaji ni wa mkopo, sikwambii umwage hela. Leo funga saa kumi na moja uende msibani, ukae nao, usiende kutoa rambirambi na kuondoka. Na kwenye ile picha nimeona ngazi mbili mlangoni, mwambie fundi amwage zege pembeni liwe mteremko, mtu wa kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Fanya haraka maana mjomba wako kashakata tiketi ya basi, anakuja mwezi ujao kuliona hilo duka.

Baba anakusalimia.
Mama yako