Mbwa akila chokoleti, usingoje atapike

Mhariri,

Sikukuu zinakaribia. Nyumba zitajaa wageni, sahani zitashushwa kwenye meza fupi, na mlango hautatulia. Naomba nafasi niwakumbushe wafuga mbwa jambo moja: mbwa akimeza sumu, saa mbili za mwanzo ndizo zenye tumaini kubwa, maana bado anaweza kutapishwa. Wengi huzimaliza wakingoja dalili.

Chokoleti ina theobromini, kitu ambacho mwili wa mbwa hukiondoa polepole mno. Madhara huanza kwenye miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Zikifika 60 anaweza kushikwa na degedege. Gramu moja ya chokoleti ya maziwa ina takriban miligramu 2, lakini ile chungu ya kuokea keki ina karibu 14. Kwa hiyo mbwa wa kilo 10 ataanza kuumwa akila gramu 100 za ile ya maziwa, ilhali za kuokea hata gramu 15 zinamtosha. Kutapika, kuhangaika na moyo kwenda mbio huweza kuchelewa saa 6 hadi 12. Ndiyo maana mbwa anayetikisa mkia saa moja baadaye hajasalimika bado.

Zailitoli, utamu unaotiwa kwenye chingamu na peremende zisizo na sukari, haisubiri hivyo. Humfanya mbwa amwage insulini nyingi, na sukari ya damu inaweza kuporomoka ndani ya nusu saa. Gramu 0.1 kwa kilo yatosha. Mkoba wa mgeni ulioachwa sakafuni, pakiti ya chingamu ikichungulia kwenye zipu, ni hatari kuliko jiko, utundikeni juu. Zabibu kavu, hata zilizo ndani ya keki, huharibu figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mifupa iliyopikwa nayo humeguka vipande vyenye ncha.

Akishakula, toa kilichobaki mdomoni, hifadhi karatasi ya bidhaa, andika saa na uzito wa mbwa, kisha mpigie daktari wa mifugo hapohapo. Tafadhali msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike: chumvi hiyo yenyewe inaweza kumuua. Na aliyemeza betri au mafuta ya taa, au aliyekwisha kulegea, asitapishwe nyumbani kabisa.

Kuhusu fataki za sikukuu, ambazo huwatisha mbwa wengi, mtembezeni mbwa kabla ya giza, akiwa kwenye kamba. Baadaye akae chumba cha ndani, mapazia yamefungwa, redio ikilia, na shingoni awe na kibati chenye namba ya simu inayopatikana. Mwenye hofu kali anahitaji dawa iliyopangwa na daktari siku kadhaa kabla, kwa kuwa baadhi ya dawa za usingizi hulegeza mwili tu, hofu ikabaki palepale. Mwombeni daktari sasa, na mumuulize pia ni nani atakayepokea simu usiku wa sikukuu.

Daktari wa mifugo