Gari kuukuu lipimwe kwa hali yake, si kwa mwaka wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwasemee wale tunaoendelea kutumia magari ya zamani yanayovuta kwa magurudumu yote manne, hasa Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ilhali kila anayetutakia mema anatuhimiza tuyauze kama vyuma chakavu na kununua RAV4 au Harrier iliyotumika kutoka Japani. Ushauri huo una hesabu ndani yake na siudharau. Magari hayo yanakula mafuta kidogo, yana kiyoyozi na mifuko ya hewa, na abiria wake wanashuka bila kushika kiuno. Ninachokataa ni dhana iliyojificha nyuma ya ushauri huo, kwamba anayebaki na gari kuukuu anaongozwa na mapenzi tu, na kwamba mapenzi hayo ndiyo yanayotujazia magari mabovu barabarani.

Mimi ni mkazi wa wilaya ya Mbulu, ambako masika yakianza, udongo mweusi wa bonde la Yaeda humzuia hata mwenye trekta. Injini ya dizeli ya Land Rover yangu, yenye sentimita za ujazo 2,286 na nguvu za farasi 62 tu, haina kompyuta wala sensa yoyote. Ikishawaka haihitaji umeme, na huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta kwenye pampu. Betri ikifa, vijana wakilisukuma gari kwenye mteremko linawaka na safari inaendelea. Katika gari la kisasa sensa moja ikiharibika, injini inaweza kupungua nguvu au kugoma kabisa, na fundi wa kijijini, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kujua tatizo liko wapi bila mashine ya kulipima, ambayo kwetu inafuatwa Arusha. Kwa hiyo mtu akiniambia ninunue gari la busara, swali langu la kwanza ni umbali uliopo kati ya mahali litakapoharibikia na mtu wa karibu anayeweza kulitengeneza. Waulizwe pia watu wa Maralal, kaskazini mwa Kenya, ambako Land Rover kuukuu bado zinabeba abiria na mizigo.

Urahisi huo haukuja kwa bahati. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu, vipande vilivyofungwa kwa bolti na vinavyofunguka kimoja kimoja kwa spana. Nyingi ziliunganishwa hapa jirani, Thika, na vizazi vya mafundi vimejifunza kazi kwa kuzifungua. Lakini aluminiamu hiyo hiyo ndiyo inayowaponza wanunuzi. Bodi haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo gari likipakwa rangi linang'aa, kumbe chini yake chasisi, ambayo ni ya chuma, imeliwa mpaka unaweza kuitoboa kwa bisibisi. Walioko Tanga na Mombasa, wanaoishi na chumvi ya bahari, wanalijua hilo kuliko sisi wa nyanda za juu. Nikimwona mtu anazunguka gari kuukuu akisifia rangi bila kuinama chini ya uvungu, najua tayari ameshapigwa.

Mapenzi nayo yapo, wala sioni haya kuyataja. Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, waliokuja hawakukusanywa na hesabu ya mafuta. Ila mpenzi wa gari ndiye anayesikia mlio wa difu, yaani gia za kwenye ekseli, umebadilika kabla haijafa, na ndiye anayekataa spea feki kwa sababu anajua beringi isiyo halisi itamlaza njiani. Kiwanda chenyewe kilisimamisha Defender ya zamani, mrithi wa 109, mwezi Januari 2016, na mpya iliyozinduliwa mwaka 2019 haina tena chasisi inayojitegemea, iliyotengana na bodi. Kwa maelezo yote ni gari zuri, lakini fundi wangu hana la kulifanya zaidi ya kuliosha.

Hapo ndipo ninapofikia ombi langu kwa wanaotunga kanuni. Jirani zetu Kenya hawaruhusu kuingiza nchini mwao gari lililozidi miaka 8, na kuzuia magari yaliyochoka ya wenzetu yasiingie kwetu kuna mantiki yake. Wapo hata hivyo wanaotaka kipimo hicho cha umri kiwafuate hata walio na magari ambayo yamekuwa tayari nchini miaka yote. Umri ni kigezo chepesi kwa karani, kwa kuwa unasomwa kwenye kadi ya gari, lakini hausemi lolote kuhusu gari la miaka sita lenye tairi zilizoisha. Yakaguliwe magari yote, mapya na makuukuu, kwa kuinuliwa na kutazamwa breki, usukani, chasisi na moshi. Moshi mweusi mara nyingi ni nozeli ya kupulizia dizeli iliyochakaa, na nozeli hubadilishwa. Ada tutalipa, na lililooza lizuiwe hata kama ni langu.

Sidai kwamba 109 ni salama kama gari la leo. Breki zake ni za dramu kwenye magurudumu yote manne na haina mfuko wa hewa hata mmoja, kwa hiyo nikienda Dar es Salaam napanda basi. Na kanuni ikipiga marufuku kubeba watoto kwenye viti vya pembeni vya nyuma, ambavyo havikuwekewa mikanda, nitaiunga mkono, na vyangu nitaving'oa.

Msomaji wako,
Mbulu, Manyara