Barua ya Wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: Msusi wa Mkeka Alipwe Siku Zake

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia kuhusu ususi wa mikeka ya ukindu na milala, kazi ambayo katika Bonde la Rufiji, na katika sehemu kubwa ya pwani yetu, imekuwa mikononi mwa wanawake tangu enzi za bibi zetu. Kazi hii haififii kwa sababu mabinti wamekuwa wavivu, kama tunavyoambiwa mikutanoni. Inafifia kwa sababu hesabu yake haimlipi msusi.

Naomba uifuate hesabu hiyo. Mwanamke huenda kwenye maeneo ya majimaji kukata makuti machanga ya mkindu, huyaanika, huyachana, huchemsha chane kwenye sufuria la rangi, kisha hukaa kusuka katikati ya kazi za shamba na jiko, hadi apate ukili, yaani ukanda mrefu uliosukwa, unaotosha kushona mkeka mmoja. Kwa kuwa shida za nyumbani hazingoji mkeka ukamilike, wengi huuza ukili ukiwa bado haujashonwa, na mchuuzi hulipa kwa urefu, si kwa siku zilizotumika. Mkeka ukifika sokoni hulinganishwa na wa plastiki, ambao umetengenezwa kwa mashine, na msusi ndiye anayetakiwa kushusha bei. Semina ya kuchanganya rangi haiwezi kurekebisha jambo hili, na semina, Mheshimiwa, tumeshapewa nyingi.

Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Madarasa ya awali ambayo watoto wake hukaa sakafuni, kumbi za halmashauri na nyumba za wageni za serikali zingeweza kununua mikeka kwa vikundi vya wasusi moja kwa moja. Kinachozuia ni kwamba zabuni hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, na msusi mwenye simu ya kitochi hawezi kuufikia. Basi ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zilizoko mikoani zipewe jukumu la kuvisajili vikundi hivyo na kuvisaidia kuomba.

SIDO hao hao, wakikaa na wasusi wenyewe, waandae bei elekezi inayohesabu siku za kazi tangu kukata hadi kushona. Nchini India, mwaka 1994, ilianzishwa nembo ya RugMark, ambayo leo inaitwa GoodWeave, ili mnunuzi atambue zulia lisilofumwa na mikono ya watoto. Nasi tungeweza kuwa na nembo inayothibitisha kwamba msusi amelipwa kwa haki, mradi isigeuke kibandiko cha kuwapendeza watalii tu.

Kuhusu mikopo ya halmashauri, ambako asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake, tunaomba uzungumze na wenzako wa TAMISEMI, wanaosimamia serikali za mitaa, ili marejesho yafuate msimu, maana wakati wa masika ukindu haukauki na mauzo husimama. Mikindu nayo inahitaji kupandwa upya pale mashamba ya mpunga yalipoiondoa, na vijiji viachiwe kupanga ukataji wake.

Tunaomba jibu la maandishi kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, likieleza ni lipi kati ya haya litaingia katika bajeti ijayo ya wizara yako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Rufiji, Mkoa wa Pwani