Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita, Mufindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, shikamooni.

Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama, maana barabara yetu wakati wa masika tunaijua wenyewe.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi wanane na kitabu kimoja. Leo tuna kitu ambacho hatujasikia shule nyingine ya Nyanda za Juu Kusini imekifanya: kielelezo cha mkanda wa kaboni, yaani molekuli ya benzini (pete za kaboni sita) zilizoungana ubavu kwa ubavu hadi kufunga duara, kilichofumwa kwa mianzi ileile inayotoa ulanzi. Kipo mezani mbele yako: pete 12 za benzini, kaboni 48, hidrojeni 24. Molekuli za aina hii zilifikiriwa tangu 1954, lakini mkanda wenyewe ulipatikana 2017, kwa kundi la mkemia Kenichiro Itami, Nagoya, Japani. Benzini hupenda kulala bapa, ukiikunja inagoma. Nasi tulivunja fito nyingi hadi tulipojua kwamba lazima mmoja ashikilie ncha, mwenzake afunge. Kwenye molekuli, mshikaji ni metali. Mwaka 2010 mkemia Shigeru Yamago wa Kyoto alipanga benzini katika mraba, akashikiza pembe zake 4 kwa platinamu. Platinamu ilipotolewa, duara la benzini 8 likabaki limefunga. Itami alitumia nikeli kung'oa atomi 12 za bromini zilizokuwa kwenye benzini na kufunga viungo 6 vya mwisho vya mkanda.

Mheshimiwa, kazi ya nikeli hiyo hufanyika pasipo oksijeni, kwa vyombo vya gharama kubwa. Hatuombi hivyo. Tunaomba kabati moja la kufyonza mvuke wa kemikali, lenye feni na bomba la kutokea nje. Tukichoma nitrati ya risasi, gesi ya kahawia hupanda hadi darini, nasi huziba pua kwa kola za masweta. Julai, baridi ikikaza, tunafungua madirisha tutetemeke au tunayafunga tukohoe. Mwenzetu mwenye pumu hufanyia mazoezi mlangoni.

Kwa heshima zote, kabati hili liliahidiwa mwaka juzi, hapo hapo ulipoketi, na tulipiga makofi. Fundi alikuja, akapima ukuta kwa futi kamba, akaweka alama za chaki. Hatujazifuta. Mwaka jana tukaambiwa tusubiri bajeti ijayo. Waliopiga makofi yale ndio wanaohitimu leo, na hawakulitumia hata siku moja.

Tunakuomba basi, pamoja na ahadi, utuachie tarehe, tuiandike kwenye ukuta ule, kando ya chaki ya fundi, kabla hujapanda gari. Nafasi ipo, umeme upo.

Tunaomba kuwasilisha.