Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Waundaji wa Modeli za Magari, Tanga

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nina wajibu wa kuwasilisha mbele yenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Hesabu za mapato na matumizi atazisoma Mweka Hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo Katibu. Kwa hiyo nitajikita katika kazi yenyewe ya mikono, yaani kuunda magari ya plastiki kwa skeli na kuyabadilisha yafanane na magari tunayoyajua, kwa sababu hapo ndipo tulipopiga hatua na hapo ndipo bado tuna kazi kubwa mbele yetu.

Mtakumbuka kuwa mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba kila mwanachama, mbali na modeli anazoziunda kwa kufuata karatasi ya maelekezo, aunde angalau gari moja linalopita au lililowahi kupita katika barabara za mkoa wetu. Wapo walioona kuwa azimio hilo lingewabana vijana wanaopenda magari ya mashindano. Mimi niliunga mkono tangu mwanzo na leo naunga mkono zaidi, kwa kuwa gari ambalo mtu anaweza kwenda kuligusa, kulipima kwa futi kamba na kuchungulia uvunguni mwake humfundisha mambo ambayo picha ya kwenye boksi haiwezi kumwonyesha.

Kazi iliyotushughulisha zaidi ni Land Rover 109, gari lililotumika sana katika mashamba ya mkonge na ambalo sasa linazidi kuadimika. Kampuni za modeli za Italeri ya Italia na Revell zote zimewahi kutoa seti yake ya vipande vya kuunganisha kwa skeli ya 1/24, yaani kila kipimo cha gari halisi kikigawanywa kwa 24, na wanachama wetu kadhaa waliunganisha nguvu kupata seti hizo. Mwenye gari moja la zamani huko Muheza alituruhusu kulipima, na namshukuru sana kwa subira yake. Umbali kati ya ekseli mbili za gari hilo ni inchi 109, sawa na takriban milimita 2,769, kwa hiyo katika skeli ya 1/24 unakuwa milimita 115 na ushei. Mwanachama mmoja alikuwa amepanga kuliweka bodi lake juu ya chasisi aliyoichonga kwa skeli ya 1/25, ambayo ndiyo skeli iliyozoeleka kwa seti nyingi za Marekani, akiamini kuwa tofauti ya namba moja haina uzito. Alipofanya hesabu alipata milimita 111 kasoro, na alipoyaweka matairi mahali pake aliona mwenyewe kuwa ya nyuma yamesogea mbele ndani ya madigadi. Tangu siku ile hakuna aliyekata kipande cha plastiki kwa ajili ya gari hilo bila kwanza kupiga hesabu kwenye karatasi.

Jambo lililozua mjadala mkubwa lilikuwa kutu. Katika maonyesho yetu ya kati ya mwaka, baadhi ya modeli za Land Rover zililetwa zikiwa na kutu nzuri sana kwa macho, iliyopakwa kwa ustadi kwenye mbavu, milango na madigadi ya mbele. Ilibidi waamuzi waseme kwamba kutu ya namna hiyo haiwezi kutokea. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, na waundaji wake wakaamua kutumia aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Desturi hiyo iliendelea hata baada ya chuma kupatikana. Alumini haishiki kutu nyekundu. Rangi hubabuka, bati hubonyea na kubaki na weupe wa kijivu uliofifia, lakini kutu yenyewe huitafuta chasisi, ukuta wa chuma ulio kati ya injini na kibini, na boliti za bawaba. Tuliporudi kwa yule mzee wa Muheza kulitazama tena gari lake, tulikuta hali ni hiyo hiyo: chasisi imeliwa na chumvi ya hewa ya pwani kiasi cha kuzibwa kwa kuchomelea, ilhali ubavu ulio juu yake umepauka tu. Naomba jambo hili liandikwe katika miongozo ya waamuzi, kwa maana ufundi wa kuzeesha gari hauna thamani ikiwa fundi hajui gari lile limetengenezwa kwa madini gani.

Kwa Hiace hali ni kinyume, kwa kuwa bodi lake ni la chuma, na waliopaka kutu kwenye pindo za chini za milango na kwenye vizingiti walikuwa sahihi kabisa. Seti ya 1/24 ya kampuni ya Aoshima ya Japani inatufaa kuliko nyingine nyingi, kwa kuwa Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Usukani uko kulia na mlango wa kuteleza uko kushoto, pale pale konda anaposimama. Anayeanza na gari la Marekani hulazimika kukata dashibodi, kuihamishia kulia na kutafuta mahali papya pa pedali, kazi ambayo inaweza kula wiki nzima kabla hata ya kugusa bodi. Ubaya wa seti ya Hiace ni kwamba inakuja kama gari la kifahari lisilo na keria, lenye viti vichache na rimu zinazong'aa. Kulifanya daladala kunahitaji safu za viti zitengenezwe upya, bomba la kushikia juu ya dari, keria ya juu na mstari wa rangi ubavuni wenye majina ya vituo. Modeli iliyonifurahisha kuliko zote mwaka huu ni Hiace ya binti mmoja wa Ngamiani aliyejiunga nasi akiwa bado mwanafunzi. Aliichubua rangi mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa mlango anaposhika konda, na juu ya keria alifunga gunia kwa nyuzi nyembamba za katani alizozisokota mbilimbili kwa vidole vilivyolowa gundi nyeupe. Nyuzi nyingine zote alizojaribu zilionekana kama kamba ya meli.

Wapenzi wa mashindano nao hawakunyimwa nafasi yao. Ililetwa Datsun 240Z ya seti ya kampuni ya Hasegawa, modeli ya gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller lililoshinda East African Safari mwaka 1971, na ilipewa meza yake pamoja na maelezo mafupi kwamba mashindano hayo yalianza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Udongo mwekundu uliopakwa chini ya mbavu zake ulichujwa kwa kitambaa cha mtandio. Ulikaa nyuma ya matairi na chini ya bampa, unakorushwa na mwendo, wala haukupakwa sawasawa gari zima.

Upatikanaji wa vifaa umeendelea kuwa mgumu. Seti husafiri kwa posta bila taabu kubwa, ingawa ucheleweshaji umetuudhi zaidi ya mara moja, lakini rangi za kopo na gundi za kuyeyusha plastiki ni vitu vinavyowaka moto, na wasafirishaji wengi wa ndege huvikataa. Ndiyo maana tumelazimika kujifunza kutoka kwa mafundi rangi wa gereji za mjini kwetu. Rangi yao ya thina ni nzuri na hukauka haraka, lakini ikipulizwa moja kwa moja juu ya plastiki tupu ya polistairini huichimba na kuacha nyufa ndogo ndogo. Ni lazima kwanza modeli ioshwe kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu za kiwandani, ikaushwe, ipulizwe praima, yaani rangi ya msingi, kwa tabaka nyepesi, isuguliwe kwa msasa wa maji, na ndipo rangi ifuate. Vioo vya madirisha tumevikata kutoka kwenye makasha ya CD za zamani, ambayo nayo ni polistairini angavu, japo hupasuka kwa urahisi na yanataka msumeno mwembamba. Antena tumezivuta kutoka kwenye vijiti vya fremu ya seti yenyewe: kijiti huzungushwa juu ya mshumaa hadi kilegee na kuanza kung'aa, kikatolewa motoni na kuvutwa polepole kwa mikono miwili. Ukivuta kikiwa bado motoni hukatika, na ukisubiri mno hupata kijiti kinene kilichopinda.

Adui yetu mkubwa amebaki kuwa unyevu wa hewa. Wakati wa masika wengi walilalamika kwamba rangi zao ziligeuka nyeupe kama zimepakwa maziwa. Sababu yake ni kwamba thina inapopaa haraka huipoza sehemu iliyopulizwa, na mvuke wa maji ulio hewani hutua juu ya rangi kabla haijakauka. Baadhi ya wanachama wana mazoea ya kupulizia asubuhi na mapema kwa kuwa kuna ubaridi na utulivu, na ni lazima niseme wazi kuwa kwa mji wetu huo ndio wakati usiofaa, kwa maana unyevu huwa juu usiku hadi alfajiri na hushuka jua linapopanda. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, siku isiyo na mvua, kwenye kivuli na mbali na vumbi, ndio wakati tunaoupendekeza. Anayelazimika kupulizia siku mbaya atumie thina inayokauka polepole na tabaka nyembamba.

Kuhusu usalama, kamati haitabadilisha msimamo wake. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii mvuke wa thina. Inayozuia ni yenye kichujio cha kaboni, na chama kimenunua chache za kuazimana. Hakuna mwanachama mwenye umri wa chini ya miaka kumi na minane atakayepulizia rangi peke yake katika chumba chetu, hata mzazi wake akiridhia.

Mafunzo ya watoto siku za Jumamosi yamefanikiwa kuliko tulivyotarajia. Watoto wengi walikuja wakiwa tayari wanajua kutengeneza magari ya waya na ya makopo, na ujuzi huo umewasaidia, kwani anayejua kwa nini ekseli lazima inyooke haambiwi mara mbili namna ya kuweka matairi ya modeli. Kilichowapa taabu ni subira ya kungoja gundi ikauke. Nawashukuru wanachama waliojitolea muda wao kukaa nao, na naomba mwaka ujao wajitokeze wengine ili mzigo usiwalemee wale wale.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mradi mmoja wa pamoja, nao ni lori la kubebea mkonge kutoka shambani hadi kiwandani, lililoundwa kwa skeli ya 1/24 pamoja na mzigo wake wa majani. Kabla ya kukata plastiki yoyote tunahitaji picha na vipimo. Wengi wenu mna wazee waliofanya kazi mashambani kama madereva, makanika au wakataji mkonge. Tafadhali wasikilizeni, nakilini picha walizonazo kwa ruhusa yao, na mzikabidhi kwa Katibu kabla ya masika kuanza. Ajenda inayofuata ni pendekezo la kununua kompresa ya pili ya kupulizia rangi kwa ajili ya matumizi ya wanachama, ambalo maelezo yake yamo katika karatasi mliyogawiwa, na baada ya hapo tutachagua waamuzi wa maonyesho yajayo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Tanga