Kabla hujaagiza kipimo cha oksijeni ya uvimbe

Swali tunaloletewa mara nyingi ni hili: kifaa kipi ni bora? Nasi hujibu kwa swali: unataka kujua nini? Vipimo vya oksijeni ndani ya uvimbe wa saratani havipimi kitu kimoja, na mtafiti asipoling'amua hilo mapema, fedha na panya wa maabara hupotea bure.

Seli zilizokosa oksijeni huhitaji dozi ya mionzi karibu mara tatu ya kawaida ndipo zife. Ndiyo sababu watu wa tiba ya mionzi hawaachi kuliulizia jambo hili.

Sindano ya elektrodi husogezwa hatua kwa hatua ndani ya uvimbe na kutoa jibu kwa milimita za zebaki, yaani kipimo cha shinikizo la oksijeni. Namba hiyo inavutia, lakini sindano haijui kama imesimama penye seli hai au penye nyama iliyokwisha kufa. Isitoshe, elektrodi yenyewe hula oksijeni kidogo. Uzi wa kioo unaotumia mwanga hauli oksijeni, tena hukaa mahali pamoja na kuonyesha mabadiliko dakika kwa dakika, ila sehemu unayoiona ni ndogo mno.

Pimonidazoli, dawa ya kutia alama seli zilizokosa oksijeni, ni habari nyingine. Hudungwa mwilini kwanza, ikanasa kwenye seli hai ambako oksijeni iko chini ya milimita 10 za zebaki hivi, kisha kipande hukatwa, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Seli iliyokufa hainasi dawa. Kwa hiyo sindano ikisoma chini sana na rangi ikawa haba, usikimbilie kusema kipimo kimoja kimekosea. Huenda uvimbe una nyama mfu nyingi, na vipimo vyote viwili vimesema kweli.

Wapo wanaotaka tupime protini ya HIF-1, ambayo kwa kawaida hujaa seli inapokosa oksijeni, peke yake kwa kuwa ni rahisi. Hatushauri. Jeni ya VHL, ambayo husaidia kuiondoa HIF-1, ikiharibika, kama inavyotokea katika saratani nyingi za figo, protini hiyo hujaa hata oksijeni ikiwa tele.

Skani ya PET kwa FMISO, dawa ya mionzi inayonasa penye oksijeni haba, huonyesha uvimbe mzima bila kukata. Kasoro yake ni kwamba kila nukta ya picha ina upana wa milimita kadhaa, ilhali oksijeni huisha ndani ya sehemu ndogo ya milimita moja kutoka kwenye mshipa wa damu. Watafiti Thomlinson na Gray walilionyesha hilo tangu 1955. Unachopata ni wastani. MRI ya aina ya BOLD, yaani picha ya sumaku, haihitaji dawa ya mionzi, lakini huitazama himoglobini iliyo kwenye damu. Seli zilizo mbali na mshipa haizisemei.

Ukituandikia, tueleze kama uvimbe bado uko mwilini au umekwisha kukatwa. Kipande kilichohifadhiwa kwenye formalini bila pimonidazoli kudungwa kabla hakiwezi kurudishwa nyuma. Hapo tutabaki na protini kama HIF-1 tu, na ripoti yetu itasema hivyo waziwazi.