Maji ni kizazi cha ngapi? Barua ya wazi kwa vijana wasaidizi wa kisheria wa Mombasa

Wanangu,

Assalaam aleikum, na wale wasio Waislamu miongoni mwenu, hamjambo.

Jumamosi iliyopita nilikuwapo pale chini ya mwarobaini mlipofanya baraza lenu la kufundisha watu haki za binadamu. Nilikaa nyuma karibu na muuza kahawa, pengine hamkuniona. Kazi mliyoianza ni njema na siandiki kuwatia dosari. Ila kuna jambo lilitokea ambalo hamkuliona kwa kuwa mlikuwa mmeielekea karatasi yenu ukutani, nami nikaliona kwa kuwa nilikaa na watu.

Mlichora safu tatu. Haki za kizazi cha kwanza: kuishi, kusema, kupiga kura, kutoteswa. Cha pili: elimu, afya, kazi, maji. Cha tatu: maendeleo, mazingira, amani. Mama mmoja aliyeweka mitungi miwili ya manjano miguuni akanyoosha mkono. "Mwanangu, maji ni kizazi cha ngapi?" Mmoja wenu akamjibu kwa adabu, "Cha pili, mama." Yule mama akaokota mitungi yake. Akamwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Basi mimi nitakufa zamu yake haijafika." Akaenda zake.

Hakukosea. Kwetu sisi kizazi ni babu, kisha baba, kisha mwana. Ukimwambia mtu kwamba haki yake ni ya kizazi cha pili, umemwambia apange foleni. Mpangilio huo aliutoa mwanasheria Karel Vasak miaka ya 1970 ili kueleza namna haki zilivyokua, na hata wasomi wenzake wapo waliomkosoa kwa sababu ile ile ya mama wa mitungi. Mimi mwenyewe niliufundisha darasani miaka mingi, nikawapa watoto maksi kwa kuukariri. Kwa hivyo haya nayaandika nikijua na mimi nimo.

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu halina vizazi. Lisomeni tena. Kifungu cha 5 kinakataza mateso, cha 25 kinataja chakula, mavazi, nyumba na matibabu, na kati yao hakuna ukuta. Lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, hakuna nchi iliyolipinga, nane zikajizuia: sita za Kikomunisti, pamoja na Saudia na Afrika Kusini. Ukuta ulijengwa baadaye na vita baridi. Magharibi walishikilia kura na uhuru wa kusema, Mashariki wakashikilia kazi na mkate, hata ilipofika 1966 ikapitishwa mikataba miwili badala ya mmoja: wa haki za kiraia na kisiasa, na wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Kenya iliiridhia yote miwili siku moja, 1 Mei 1972. Miaka kumi baadaye tulikuwa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na mtu akiogopa kuitaja serikali kwenye kibaraza cha nyumba yake. Karatasi zilikuwa kwenye droo.

Sasa, je, aina za haki zitupwe? La. Mtaani zina kazi, lakini ni moja tu: zinakujulisha unamdai nani, na unaweza kumdai nini leo hii. Nitawaeleza nilivyojifunza.

Mpwa wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya hapa Pwani, sitaitaja. Daktari akamruhusu Jumanne. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita, wiki ikakatika. Kila asubuhi askari wa getini alishika karatasi ya majina ya walioruhusiwa lakini hawajalipa, na jina la mpwa wangu lilikuwamo, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Wodini walilala wawili kitanda kimoja, watoto katikati. Ukoo tukachanga. Tulipofika dirishani na pesa, bili ilikuwa imeshatukimbia, kwa kuwa kila usiku aliozuiliwa alitozwa kitanda. Anadaiwa kwa kuwa anadaiwa! Nami, mwalimu mzima, nilisimama pale nikibishana na karani kuhusu haki ya afya, naye ananijibu kwamba dawa hununuliwa na hospitali haina bajeti. Sikuwa na la kumrudishia.

Akaja mwanamke mmoja wa msaada wa kisheria, kikapu mkononi kama anayetoka sokoni. Swali lake lilikuwa moja. "Daktari amemruhusu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi huyu si mgonjwa tena, huyu ni mfungwa. Nani amemfunga, na kwa hukumu ipi?" Karani akanyamaza, akaenda kumwita mkubwa wake. Kesho yake mpwa wangu alitoka. Deni tuliandikiana, tukalipa kidogo kidogo.

Mmeona alichofanya? Mimi nilishika haki ambayo serikali, ikidaiwa, inaruhusiwa kusema "natafuta uwezo". Yeye akashika isiyo na kisingizio hicho. Kifungu cha 11 cha ule mkataba wa haki za kiraia kinasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza sharti la mapatano, yaani deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Nairobi iliamua vivyo hivyo katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa baada ya kujifungua. Mtu mmoja, kitanda kimoja, haki za aina mbili zimelala pamoja kama wale watoto wodini. Walipokutana Vienna mwaka 1993 mataifa yakasema haki zote ni za watu wote, hazigawanyiki na zinategemeana. Maneno makubwa hayo, ila mimi niliyaelewa pale dirishani kwa karani.

Na ile haki niliyoishika mimi, ya "natafuta uwezo", nayo msiidharau. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja afya, nyumba, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Ni kweli inatekelezwa hatua kwa hatua. Lakini someni kifungu cha 20, ibara ndogo ya 5: serikali ikidai haina uwezo, ni juu yake kuthibitisha hivyo. Si juu ya mama kuthibitisha kuwa pesa zipo. Hapo ndipo mzigo unapohama bega, na sijasikia mmoja wenu akiutaja Jumamosi. Tena kutobagua hakungoji bajeti. Maji yakiwa machache, yawe machache kwa wote. Mtaa mmoja ukifunguliwa bomba kila siku na wa pili ukanunua maji ya mkokoteni mwezi mzima, hilo si suala la uwezo.

Kuna jambo jingine watu hulikosea, nalo ni kudhani serikali hukosa pale tu inapotenda. Inatakiwa iheshimu, yaani mkono wake usikuguse. Ilinde, yaani mkono wa mwingine usikuguse. Na itimize, yaani ikufikishie. Hilo la kati ndilo gumu kueleza, na mfano wake tunao hapa hapa Mombasa. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru waliletewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Watoto walipopimwa damu wakakutwa na madini yenye sumu ya risasi. Kiwanda kilikuwa cha mtu binafsi, sasa serikali inaingiaje? Inaingia kwa kuwa ndiyo yenye kutoa leseni na kukagua. Wakazi walikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya Sh bilioni 1.3, wa kulipa wakiwa kampuni pamoja na taasisi za serikali. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Lakini angalieni jambo hili. Phyllis Omido, aliyeongoza madai hayo tangu mwanzo, alikamatwa mwaka 2012 kwa sababu ya maandamano. Kile mlichokiandika safu ya tatu, mazingira safi, kisingefika popote bila kile cha safu ya kwanza, kukusanyika na kusema. Na wote walikuwa wakidai afya, iliyo safu ya pili. Hebu niambieni, Owino Uhuru mngeiandika safu gani?

Za polisi mnazijua kuliko mimi, nitapita haraka. Mtu akikamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikiishia siku isiyo ya mahakama, basi ni siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kuna "kamata kamata" ya Ijumaa jioni: vijana wa bodaboda hulala ndani mpaka Jumatatu na saa hazihesabiki. Ulizeni namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Waambieni watu kwamba bondi ya polisi haitozwi pesa, na akiombwa dhamana ya fedha taslimu adai risiti. Tena wafundisheni tofauti hii. Uhuru wa kukusanyika sheria inaweza kuuwekea mipaka, kwa sababu na kwa kiasi. Kutoteswa, kutotiwa utumwani, kesi ya haki na kuletwa mbele ya hakimu, kifungu cha 25 cha Katiba kimevifungia kufuli. Hakuna hali ya hatari, hakuna ugaidi, hakuna amri ya mkubwa inayokifungua.

Sasa niseme kuhusu rika langu. Mkienda mabarazani, mzee mmoja atasimama aseme, "Vijana, haki haziji bila wajibu." Mtamheshimu, maana hajakosea: Tamko lina kifungu cha 29, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu una vifungu vya 27 hadi 29, vyote vya wajibu. Ila tuna tabia sisi wazee ya kuugeuza wajibu kuwa kiingilio, kama kwamba mtu hulipa kwanza ndipo apewe haki. Asiyelipa, yaani mwizi, mlevi, mkaidi, basi hana.

Nitawaambia nisilolisema msikitini. Asubuhi moja pale stejini walimshika kijana, wakasema kaiba simu. Walianza na makofi, wakaja na mawe. Nilikuwa na mfuko wa madaftari mkononi. Nikajiambia nimechelewa shule, nikapanda matatu. Somo langu la kwanza siku hiyo lilikuwa uraia. Yule kijana sikujua alivyoishia na sikuuliza, na kutouliza kwangu ndiko kunakoniuma mpaka leo. Kama aliiba, hakimu yupo. Haki ya kuishi hapewi mtu kwa kuwa ni mwema. Angekuwa mwema asingeihitaji pale. Tulilelewa na methali isemayo mnyonge hana haki. Waliotunga waliona dunia ilivyo wakaisema, hawakutuagiza tuifanye hivyo.

Watakaowaambia haya ni mambo ya wazungu, msibishane nao sana. Waambieni kwamba miongoni mwa waandishi wa Tamko walikuwamo Charles Malik wa Lebanon na Peng-chun Chang wa China, na Hansa Mehta wa India ndiye aliyekataa kifungu cha 1 kiseme "wanaume wote", ikabidi kiseme wanadamu wote. Kwa Kiswahili asingehitaji kuhangaika. Mtu ni mtu, neno halina mume wala mke.

Na za jumuiya nzima, ardhi ya mababu, maendeleo, utamaduni, hizo ndizo Afrika ilizozitia mkazo kuliko wengine. Mkataba wa Afrika ulipitishwa Nairobi Juni 1981, kizingitini kwetu, na Kenya ikauridhia 1992. (Mwenye arusi akachelewa arusi yake.) Kwa mkataba huo Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda serikali yetu katika Mahakama ya Afrika kule Arusha, 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia inayozidi Sh milioni 157. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilikuwa bado zinabomolewa. Msiwafiche watu hilo. Mkiwaahidi kwamba hukumu ikitoka mambo yamekwisha, siku wakijua ukweli hawatarudi barazani.

Turudi kwa yule mama. Nimekwenda kwake juzi. Ana mfereji ndani ya ua, mkavu, mwanawe ameutundikia vitambaa vya kufutia pikipiki. Lakini bili inakuja kila mwezi, kodi ya mita, na anazo zote, amezifunga kwa uzi. Kugawa maji ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa hivyo mlango wenu ni huo, msimpeleke kwa mbunge. Anzeni na kifungu cha 35 cha Katiba, cha haki ya kupata habari: aandike barua kuomba ratiba ya mgao wa mtaa wake na ya mitaa ya jirani. Sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa kaunti siku 21 za kujibu. Wasipojibu, kuna Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Wakijibu, mtakuwa na ratiba mbili za kuziweka sambamba, na hapo mtajua kama mnadai uwezo au mnadai kutobaguliwa.

Kalamu anayo mjukuu wake wa darasa la sita, ila mwandiko wake ni wa kuku, mmoja wenu amsaidie. Nimemwambia Jumamosi mtakuwapo. Amesema atakuja na bili zake, ila atakaa karibu na njia.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa